Paa la Huku na Paa la Nyumbani: Je, Tuweke Sola?

Mazungumzo ya mwanajumuiya, muuguzi kwa kazi, katika hafla yetu ya Siku ya Uhuru

   

Kamati iliponiomba nizungumze, nilidhani wanataka nizungumzie presha na kisukari kama mwaka ule mwingine. Wakaniambia, “Hapana dada, mwaka huu tuambie habari ya zile sola ulizoweka.” Maana tangu mafundi waje nyumbani kwangu, kila nikienda msibani, harusini au kwenye kipaimara, kuna mtu ananivuta pembeni: “Dada, kweli zinalipa? Na sisi tuweke?” Basi leo nitajibu mara moja kwa wote. Mimi siuzi sola na sina ndugu anayeuza. Ni muuguzi. Ila uuguzi umenifundisha kwamba mgonjwa hupimwa kwanza, dawa hufuata. Na hili la sola ni hivyo hivyo.

Nianze na watoto, kwa sababu wao ndio watakaokaa na hizi paneli muda mrefu kuliko sisi. Wanangu, ile sahani nyeusi mnayoiona juu ya paa ndani yake ina vipande vyembamba vya silikoni, kitu kinachopatikana kwenye mchanga. Mwanga wa jua ukiigonga silikoni, unasukuma chembe ndogo sana zinazoitwa elektroni, na elektroni zikisukumwa njia moja, huo ndio umeme. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzalisha umeme, na mwaka 1954 wanasayansi wa maabara za Bell huko Marekani wakatengeneza kipande cha kwanza cha silikoni cha kufaa kazi. Umeme unaotoka kwenye paneli ni wa aina ya betri. Kuna kisanduku ukutani kinaitwa inveta, ndicho kinachougeuza uwe kama ule unaotoka kwenye soketi.

Na jambo moja wakubwa wengi hawalijui: paneli haitaki joto, inataka mwanga. Joto kali huipunguzia nguvu kidogo. Ndiyo maana hapa Uingereza, pamoja na mawingu yote haya tunayolalamikia, sola inafanya kazi. Paneli zenye uwezo wa kilowati 1 zikiwa juu ya paa zuri kusini mwa nchi hii huzalisha uniti 850 hadi 950 hivi kwa mwaka. Nasema uniti kama tunavyosema nyumbani kwenye Luku. Uniti ni ile ile, huku na kule.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Kina mapaa mawili. Moja liko Reading, ambako mimi na baba watoto tumenunua nyumba kwa mkopo na bado tunaulipa. La pili liko Muheza, Tanga, nyumba ya mama yangu.

Miaka mitatu iliyopita alikuja kijana mlangoni kwetu, suti safi, tableti mkononi. Akasema ameona kwenye picha za satelaiti kwamba paa letu linafaa sana. Akaandika bei: pauni 11,900, paneli pamoja na betri. Akasema fedha zetu zitarudi ndani ya miaka 5, na punguzo hilo ni la leo tu, kesho halipo. Mume wangu alishika kalamu. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, kichwa kinauma, lakini neno “leo tu” lilinizindua. Nikamwambia, “Kaka, sisi hapa hata mchango wa harusi tunaufanyia kikao. Tuachie karatasi, uje wiki ijayo.” Hakurudi mpaka leo.

Nayasema haya kwa sababu najua wapo humu waliosaini siku hiyo hiyo. Jueni kwamba kwa mkataba uliosainiwa nyumbani kwako, sheria ya hapa inakupa siku 14 za kubadili nia. Usione haya kuitumia.

Baada ya yule kijana tukaanza kuhesabu wenyewe. Tulichukua bili za mwaka mzima: nyumba yetu ilitumia uniti 3,600. Tukaita makampuni matatu yenye cheti cha MCS. Cheti hiki ni muhimu, kwa sababu bila hicho makampuni ya umeme kwa kawaida hayakubali kununua umeme wako unaozidi. Bei zikaja tatu: pauni 6,900, pauni 7,200 na pauni 9,400, zote kwa paneli 10 zenye jumla ya kilowati 4.3, bila betri. Tulichagua ile ya kati. Fundi wake ndiye pekee aliyepanda darini na tochi kuangalia mbao za paa. Wale wawili walitoa bei kwa kuangalia picha tu. Hata hospitali, daktari asiyemgusa mgonjwa humwamini.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Paa letu linaangalia kusini-magharibi, kwa hiyo alikadiria uniti 3,900 kwa mwaka. Lakini kuzalisha si kutumia, na hapo ndipo wengi wanapodanganywa. Jua linawaka mchana, na mchana familia nyingi za humu hazipo nyumbani. Usipoutumia umeme saa ile ile na huna betri, unatoka kwenda kwenye nyaya za mtaa. Uniti unayoitumia mwenyewe inakuokolea bei ya kununua, ambayo tulipohesabu ilikuwa karibu peni 26. Uniti unayoiuza inakupa pungufu: wakati ule ilikuwa kama peni 4 kwa kampuni moja hadi 15 kwa nyingine. Ule mpango wa zamani uliokuwa ukilipa vizuri ulifungwa Machi 2019. Uliopo ni ule ulioanza Januari 2020, unaitwa Smart Export Guarantee, na kila kampuni inajipangia bei yake. Kwa hiyo uliza bei kabla hujahesabu.

Mimi nafanya zamu za usiku. Mchana nimelala, lakini mashine ya kufulia naitegesha ianze saa sita mchana, na maharage yanachemka kwenye jungu la umeme saa nane. Tukakadiria tutatumia wenyewe asilimia 40, yaani uniti 1,560. Hizo ni kama pauni 405. Zilizobaki 2,340 tukiziuza kwa peni 12 ni pauni 281. Jumla pauni 686 kwa mwaka. Gawanya 7,200 kwa 686: miaka 10 na nusu. Tukiuza kwa peni 5 badala ya 12, inafika karibu miaka 14. Ile miaka 5 ya kijana mwenye suti sikuiona popote.

Betri nayo tuliihesabu. Ilikuwa pauni 3,500 zaidi. Ingetuwezesha kutumia wenyewe kama asilimia 65, na faida yake ya ziada ilikuwa pauni 137 kwa mwaka. Hapo ni zaidi ya miaka 25 kurudisha pesa ya betri yenye dhamana ya miaka 10. Tukaiacha. Simaanishi betri ni mbaya. Mwenye gari la umeme, au aliye kwenye bei ya usiku ya nafuu anayeweza kujaza betri saa za usiku na kuitumia jioni, hesabu yake itakuwa nyingine. Ila afanye yake, asichukue yangu.

Ndugu zangu, hesabu ilipokwisha mezani, ndipo ugumu ulipoanza. Maana miaka 10 na nusu si hesabu ya pesa peke yake. Mume wangu alinyamaza, halafu akasema, “Mama watoto, lakini si tulisema tunarudi?”

Nani humu hajawahi kusema maneno hayo? Mimi nilikuja nchi hii kusoma uuguzi, nikaahidi kwamba nikimaliza digrii narudi. Nikamaliza, nikasema nipate uzoefu kidogo. Nikasema mtoto wa kwanza amalize chekechea. Kila mwaka kwenye sherehe hii hii ya Uhuru tunapeana mikono na kusema, “Mwakani, Mungu akipenda, tutasherehekea Uwanja wa Uhuru.” Na kwa sababu tunarudi mwakani, hatubadilishi dirisha linalopitisha baridi. Hatuwekei dari kizuizi cha baridi, na bado tunaishi na zulia alilotuachia aliyetuuzia nyumba. Tunaishi kama abiria wa stendi, mizigo miguuni, wakati basi halijulikani linaondoka lini.

Usiku ule binti yetu mkubwa alikuwa anafanya kazi zake za shule pale pale mezani. Akainua kichwa akauliza, “Mama, kwani sisi tunakaa wapi?” Hakuuliza kwa utovu wa adabu. Alitaka kujua. Na mimi na baba yake hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo tulifanya ambacho hatukuwahi kufanya kwa miaka yote ya ndoa yetu: tulichukua kalenda. Mdogo wetu alikuwa na miaka 7. Akimaliza sekondari ni miaka 11. Je, tutamhamisha katikati? Hapana. Je, mkopo wa nyumba unaisha lini? Baada ya hapo. Basi hata tukipenda nyumbani namna gani, miaka 11 tupo hapa. Siwezi kuwaeleza jinsi moyo ulivyouma kulisema hilo kwa sauti. Lakini baada ya kulisema, tulilala vizuri. Tangu hapo tumebadilisha yale madirisha pia.

Sasa nije kwenye paa la pili. Tulipokuwa bado tunabishana kuhusu Reading, simu ilipigwa nikiwa kazini. Mama anaishi na kisukari, anachoma insulini. Mvua za masika zilikuwa zimeangusha nguzo, umeme haupo siku ya pili, na akiba yake ya insulini ya miezi kadhaa iko kwenye friji. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu. Dawa zangu zimepata joto, nifanyeje?”

Fikirieni. Mimi ndiye ninayehakikisha friji ya dawa wodini iko kati ya nyuzi 2 na 8, naandika kwenye karatasi kila siku na kutia sahihi. Na dawa ya mama yangu mwenyewe imelala kwenye friji iliyozimika. Nikamwambia asifungue mlango wa friji ovyo, chupa anayoitumia sasa aiweke kwenye chombo ndani ya chungu chenye maji, kivulini. Insulini iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki kama nne ikiwa mahali pa baridi kiasi, lakini akiba isiyofunguliwa inataka friji. Na ubaya wa insulini iliyoharibiwa na joto ni kwamba kwa macho inaweza kuonekana nzima. Unachoma, unadhani umetibiwa, sukari inapanda. Ile akiba ilibidi itupwe, tukanunua upya.

Kusema kweli, hiyo haikuwa mara yetu ya kwanza kumjaribia mama sola. Miaka ya nyuma nilituma pesa haraka haraka. Mtu wa familia, kwa nia njema kabisa, akanunua kwenye duka moja paneli iliyoandikwa wati 300 na betri ya gari. Ile paneli haikufika hata theluthi ya kilichoandikwa, na betri ilikufa baada ya miezi 8. Baadaye nilielewa sababu. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kuwasha injini, kisha ijazwe tena. Ukiinyonya usiku kucha kila siku, unaiua. Kosa lilikuwa langu. Nilituma pesa bila kutuma hesabu.

Safari hii tulipima. Mpwa wangu aliyesomea umeme VETA alikwenda na kipimo akakaa siku mbili kwa bibi yake. Friji inakula uniti 1 kwa siku. Taa sita za LED, runinga, feni na simu: kama uniti 0.8. Jumla 1.8. Pasi na hita ya maji tukaziacha kwenye umeme wa TANESCO, maana vitu vinavyotoa joto ndivyo vinavyomaliza betri. Tukanunua paneli 3 za wati 400, inveta, na betri ya lithiamu inayohifadhi uniti 2.4. Kwa nini paneli 3, wakati siku ya jua hata 2 zingetosha? Kwa sababu ya masika, mawingu yanapokaa wiki nzima. Unapanga kwa siku mbaya, si kwa siku nzuri.

Na kuna la kuchekesha. Mpwa wangu aliniuliza paneli ziangalie wapi, nikamjibu kwa uhodari wa Reading, “Kusini!” Akacheka: “Mama mdogo, huko kwenu ndiyo kusini. Huku Tanga tuko kusini ya ikweta, paneli inaangalia kaskazini, tena inalazwa, inainuliwa kidogo tu mvua ioshe vumbi.” Nikanyamaza. Ukae ughaibuni miaka mingi kiasi gani, usimfundishe fundi aliye juani. Na ule mwembe wa upande wa kaskazini ulipunguzwa matawi, kwa sababu kivuli cha tawi moja kinaweza kupunguza umeme wa safu nzima.

Gharama yote ilikuwa shilingi milioni 4 na laki 2. Je, inalipa? Kwa pesa, hapana. Luku ya mama ilikuwa haizidi shilingi elfu 20 kwa mwezi. Hata kama angeacha kununua Luku kabisa, ni zaidi ya miaka 17 kurudisha fedha ile, na betri haitaishi miaka hiyo. Anayewaambia ndugu wenye umeme wa gridi kwamba sola itawatajirisha anawadanganya. Lakini insulini ya mama haijaharibika tena. Mwezi uliopita aliniambia, “Mtaa mzima giza, mimi naangalia taarifa ya habari, na jirani kaja kuchaji simu.” Hiyo siwezi kuigawanya kwa shilingi.

Na sasa sikilizeni kinyume chake. Sola yangu ya Reading inalipa kwa pesa, lakini umeme wa mtaa ukikatika, na yangu inazimika papo hapo, hata jua likiwa kali. Wengi hushangaa. Inveta imetengenezwa hivyo makusudi, isije ikapeleka umeme kwenye nyaya zinazotengenezwa na fundi juu ya nguzo. Ukitaka iendelee kuwaka, lazima ununue betri na vifaa maalumu vya akiba. Kwa hiyo mapaa haya mawili yanafanya kazi mbili tofauti. La huku linapunguza bili, na la kule linalinda usalama. Ukiuliza “sola inalipa?” bila kusema paa gani na kwa shida gani, hujauliza swali bado.

Tulianza na Muheza, mwaka juzi. Ilikuwa ndogo na haikuweza kusubiri. Reading tukaweka Machi mwaka jana, baada ya kukusanya pesa kwa zamu za ziada, bila mkopo mpya. Mwaka wa kwanza tulizalisha uniti 3,810, pungufu kidogo ya makadirio. Juni peke yake uniti 520, Desemba 98. Mtu asikuambie Desemba utaishi kwa jua, hata saa hii tukitoka nje mnaona giza lenyewe lilivyo. Kwa jumla tuliokoa na kupata pauni 664. Tulitegemea 686. Nimeridhika.

Kwa yule anayefikiria, haya ndiyo maswali ningemuuliza kama mgonjwa aliyekuja kliniki.

Kwanza, nyumba ni ya nani? Kama umepanga, huamui wewe. Kama ni fleti, paa si lako peke yako, unahitaji ruhusa ya mwenye jengo. Kama ni nyumba ya kihistoria inayolindwa na sheria, au iko eneo la hifadhi, uliza kaunsili kwanza. Nyumba nyingi za kawaida hazihitaji kibali.

Pili, paa lina afya gani? Kama vigae vitahitaji kubadilishwa baada ya miaka 5, badilisha kwanza. Kushusha paneli na kuzipandisha tena ni gharama nyingine. Paa la mashariki na magharibi nalo linafaa, ila huzalisha pungufu ya la kusini. La kaskazini tupu, acha.

Tatu, nani yupo nyumbani mchana? Bibi anayelea wajukuu, mtu anayefanya kazi nyumbani, au sisi wa zamu za usiku, tunafaidi zaidi.

Nne, pesa ni ya akiba au ya mkopo? Sola inayorudisha miaka 10 kwa pesa ya akiba, ukiichukulia mkopo wa riba kubwa inaweza isirudishe kabisa. Na wale wanaokwepa riba kwa sababu ya dini, msikubali riba iliyofichwa ndani ya neno “malipo nafuu ya kila mwezi”. Mwulizeni bei ya taslimu ni ipi. Kwa sasa hakuna VAT kwenye kazi hii, hadi tarehe 31 Machi 2027, kwa hiyo ukiletewa bei yenye VAT, uliza kulikoni.

Tano, kuna mtu anakuambia ni bure? Yapo makampuni yaliyokuwa yakiweka paneli bure na kulikodi paa la mtu kwa miaka 25. Siku ya kuuza nyumba, wanunuzi na benki wanasita. Soma mkataba, au mletee mwenzetu anayejua sheria ausome.

Sita, weka kando pesa ya inveta. Paneli zinaweza kukaa miaka 25 na zaidi zikipungua nguvu kidogo kidogo, lakini inveta kwa kawaida inataka kubadilishwa kati ya mwaka wa 10 na wa 15. Ijulishe pia bima ya nyumba yako. Na nakuombeni kama muuguzi: msipande juu ya paa kuosha paneli. Nimewauguza watu walioanguka kutoka ngazi fupi kuliko hiyo.

Saba, na hili ndilo zito: unakaa hapa muda gani? Usijibu unachowajibu jamaa kwenye simu. Kaa na mwenzako, na watoto wakubwa wawepo, chukueni kalenda. Kama jibu ni miaka mitatu, usiweke. Peleka pesa hiyo kwenye nyumba unayokwenda kuishi. Kama ni miaka 12, basi kubali kwamba unaishi hapa, na uishi vizuri. Kukubali unapoishi si kulisaliti kwenu. Mimi niliogopa sana kwamba ningeonekana nimewasahau wazazi. Lakini baada ya kuhesabu ndipo mama yangu alipopata umeme wa uhakika. Miaka yote niliyokuwa “narudi mwakani”, alikuwa gizani na mimi kwenye baridi.

Leo tunakumbuka tarehe 9 Desemba 1961, usiku Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha Mwenge kileleni Kilimanjaro. Sisi tuliosoma shule za Tanzania tulifundishwa neno kujitegemea tangu darasa la kwanza. Nikiwa mtoto nilidhani maana yake ni kulima bustani ya shule. Siku hizi naona linaanza na daftari na kalamu: nina nini, nahitaji nini, nitakuwa wapi, nani ananitegemea. Wazee wetu wanasema kupanga ni kuchagua.

Binti yangu yupo hapa, ndiye anayegawa soda. Ana programu kwenye simu yake inayoonyesha paa la Reading limezalisha kiasi gani, na nyingine ya paa la bibi yake. Asubuhi hii aliniambia, “Mama, bibi katushinda tena.” Nikamwambia kwa Desemba hii, bibi atatushinda kila siku.

Nimekuja na daftari langu la hesabu. Anayetaka, anikute pale kwenye meza ya chai na bili zake za mwaka mzima, tuhesabu pamoja. Ila aje na mwenza wake.